Gari la umeme la familia: Uliza kwanza litalala wapi

*Wauzaji husifu kilomita na kasi. Barabara ya Mombasa na maegesho ya mitaa yetu yana maswali mengine kwa mnunuzi.*

NA MWANDISHI WETU

Ilikuwa saa nane mchana, wiki ya kwanza ya Januari, na uwanja wa hoteli moja mjini Mtito Andei ulikuwa umefurika mabasi na magari ya watu wanaorejea Nairobi kutoka likizo ya pwani. Nyuma ya jiko, mbali na vurumai ya wanaogombania meza, palikuwa na gari jeupe la familia. Waya mrefu ulitoka ubavuni mwake, ukapita dirishani, ukachomekwa kwenye soketi ambayo siku zote ni ya friji ya soda.

Mama alikuwa amewatandikia watoto wawili leso chini ya mwarobaini. Baba alisimama kando ya gari, simu mkononi, akipiga hesabu na kuirudia. Mpishi alitoka akijipangusa mikono, akalizunguka gari mara moja, kisha akauliza kwa upole: "Mzee, sasa hii itajaa saa ngapi?"

"Kesho asubuhi, ndugu yangu," alijibu baba.

Waliposhuka kwenda Mombasa kabla ya Krismasi, walisimama mara moja tu kuchaji, wakala chakula cha mchana, wakafika na akiba. Walirudi na hesabu ileile. Lakini kituo walichokitegemea hakikuwa kikifanya kazi siku hiyo, na gari, sasa likipanda, lilikula betri kuliko lilivyokula likishuka. Walifika Mtito Andei betri ikiwa imebaki asilimia 20 hivi, na Nairobi ingali kilomita 240 mbele. Basi wakachukua chumba, wakalala.

Gari lao halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye hesabu, na hiyo ni hesabu ambayo mnunuzi aghalabu hafanyiwi siku anayokabidhiwa ufunguo.

Gari lenyewe

Miaka michache iliyopita, kusema gari la umeme Nairobi kulimaanisha Nissan Leaf ndogo. Kampuni ya teksi ya NopeaRide ilianza kuzitumia jijini mwaka 2018, na ikafunga shughuli zake mwishoni mwa 2022 baada ya kampuni mama nchini Finland kukwama kifedha. Leaf hizo ziliwaonyesha wakazi wa jiji kwamba gari lisilo na bomba la moshi linaweza kuhimili kazi ya kutwa.

Leo macho yameelekea kwenye SUV: gari refu kidogo kutoka ardhini, lenye viti vitano na nafasi ya mizigo ya safari. Mfano mzuri ni BYD Atto 3, gari la Kichina lililotoka mwaka 2022 na ambalo sasa linauzwa hata huku kwetu. Halizidi sana mengine ya kundi lake, wala halipungukiwi sana, kwa hiyo linafaa kuwa kipimo.

Mota yake ina kilowati 150, yaani takribani nguvu farasi 200. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa hutumia sekunde 7.3. Buti hubeba lita 440. Betri kubwa ya gari hilo ina kilowatisaa 60.48, na kilowatisaa moja ndiyo uniti moja ya stima tunayoinunua kwa tokeni.

Kwa dereva wa huku, nguvu hiyo ina maana kuliko sekunde zinavyoonyesha. Injini ya petroli isiyo na turbo inahitaji hewa nzito, na hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo nguvu zake za Mombasa ndizo za Limuru.

Faida hiyo huonekana unapolipita lori kwenye barabara ya njia mbili. Ukikanyaga, gari linaitika papo hapo, na muda wa kuwa upande wa magari yanayokuja unapungua. Kwa familia iliyo ndani, huo ni usalama kwanza, raha baadaye.

Gari moja, nambari tatu

Swali la kwanza la kila mnunuzi ni hili: likijaa, linakwenda kilomita ngapi? Kwa Atto 3 yenye betri hiyohiyo kubwa, majibu ni matatu. Kwa kipimo cha China ni kilomita 510. Kwa kipimo cha zamani cha Ulaya, kiitwacho NEDC, ni 480. Kwa kipimo cha sasa cha Ulaya, WLTP, ni 420.

> Betri ni ileile na mota ni ileile. Kilomita 90 zinapotea kwa kubadilisha kipimo tu, kabla gari halijaguswa na barabara.

Kipimo cha China huendeshwa kwa wastani wa kilomita 29 hivi kwa saa, mwendo wa foleni za mjini. Cha WLTP kina wastani wa kilomita 46 hivi. Vyote hufanywa maabara, bila upepo, bila matuta, bila magunia ya nazi kwenye buti.

Gari la umeme lina tabia iliyo kinyume na mazoea yetu. Gari la petroli hula zaidi mjini na kupata nafuu barabara kuu. La umeme hupata nafuu mjini, kwa sababu likisimama mota haizunguki bure, na likipunguza mwendo mota hugeuka jenereta na kurudisha stima kwenye betri. Adui yake ni kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, upepo unaolikinza gari huongezeka karibu mara mbili.

Kwa hiyo, kwenye barabara kuu, na familia nzima ndani na kipoza hewa kikifanya kazi, ni busara kukadiria uniti 18 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Betri ya uniti 60 hapo inakupa kilomita 300 na kitu kidogo. Mtu aliyenunua gari akiwa na 510 kichwani atahisi ametapeliwa. Aliyenunua akiwa na 300 kichwani atasafiri kwa amani.

Mlima usioonekana

Ukiendesha kutoka Mombasa hadi Nairobi huoni mlima. Barabara inanyooka, Tsavo inapita kushoto na kulia, na mwinuko ni wa polepole kiasi kwamba mguu hauusikii. Lakini gari linausikia.

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Gari la Atto 3 lina uzito wa kilo 1,750. Ongeza watu na mizigo, tani mbili zinapita. Kuziinua tani mbili mita 1,700 kunahitaji uniti 9 hivi za umeme, mbali na zile za kusukuma gari mbele. Ukihesabu na upotevu wa njiani, zinafika 10. Ukishuka, mwinuko uleule unakurudishia karibu uniti 9.

Safari ya kilomita 480, kwa uniti 18 kila kilomita 100, ingetaka uniti 86 kama nchi ingekuwa tambarare. Kwa kuwa si tambarare, kushuka kunataka takribani 77 na kupanda takribani 96.

> Tofauti ya kwenda na kurudi ni uniti 19 hivi: karibu theluthi nzima ya betri.

Ukiondoka na betri iliyojaa, na ukitaka ufike na akiba ya asilimia 10, unaposhuka utahitaji kuongeza uniti 23 njiani. Unapopanda utahitaji 42 au 43. Kwenye chaja ya kasi, ambayo Atto 3 hupokea hadi kilowati 88, uniti 23 huisha kabla wali haujaletwa mezani. Uniti 42 huchukua muda wa kula, kunywa chai na kuwanyoosha watoto miguu. Kwenye soketi ya jikoni inayotoa kilowati mbili na ushei, zilezile 42 huchukua saa 19.

Hapo ndipo ilipokwama familia ya Mtito Andei. Walichokosa ni kituo cha pili cha kutegemea kama cha kwanza kimelala.

Wanaosema ndiyo

Watetezi wa magari haya huanza na mfuko. Mwishoni mwa mwaka 2025, lita moja ya petroli ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa takribani shilingi 184. SUV ya familia inayokula lita 9 kwa kilomita 100 humgharimu mwenyewe shilingi 1,656 kwa umbali huo.

La umeme, kwa matumizi ya mjini, litahitaji uniti 18 kutoka ukutani ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya nyumbani ya takribani shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 540. Anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka anabakiwa na zaidi ya shilingi 160,000 mfukoni, kabla ya kuhesabu oili ya injini, plagi na mikanda ambavyo gari hilo halina.

Kisha wanataja chanzo cha stima yenyewe. Takribani asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Usiku, nchi ikilala, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiliwa angani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Magari yanayochaji usiku yangeutumia mvuke huo.

Serikali iliona hoja hiyo. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Aprili 2023, bei maalumu ya kuchaji magari iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) ilianza kutumika: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku ambapo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine.

Majirani wa kaskazini wamekwenda mbali zaidi. Januari 2024, Ethiopia ilitangaza kwamba haitaruhusu tena uingizaji wa magari ya petroli na dizeli.

Lipo pia jambo dogo ambalo familia hulipenda likishajulikana. Magari kama Atto 3 yanaweza kutoa umeme, si kuupokea tu. Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipoingia gizani na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakosa taa, gari la aina hiyo lingeweza kuwasha friji, taa na redio ya nyumba kwa siku kadhaa.

Wanaosema bado

Wenye shaka nao hawasemi upuuzi. Wanaanza na stima ileile: nchi ambayo gridi yake huanguka haina budi kufikiri kabla ya kuweka kila kitu kwenye soketi moja. Mgonjwa akizidiwa usiku betri ikiwa asilimia 8 na mtaa hauna umeme, hakuna jerikeni la kumkimbilia jirani.

Wanataja barabara. Tumbo la Atto 3 liko milimita 175 kutoka ardhini. Hiyo inatosha kwa lami, kwa matuta ya mitaani na kwa murram iliyochongwa vizuri. Haitoshi kwa njia ya mashambani iliyochimbwa na mvua, na chini ya tumbo hilo ndipo betri ilipolazwa. Betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote garini.

Wanataja pia tairi la akiba. Magari mengi ya umeme huja na chupa ya dawa ya kuziba pancha badala ya tairi la tano. Dawa hiyo haizibi mpasuko wa ubavuni, na mtu aliyepasukiwa tairi usiku kati ya Voi na Mtito Andei hana muda wa kusoma maelezo ya chupa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya gari la mitumba. Sheria ya Kenya inaruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na wengi wetu hununua la miaka saba. Kwa gari la petroli, miaka saba ni ujana. Kwa gari la umeme inategemea betri ilivyotunzwa. Betri za Leaf za zamani, kwa mfano, hazipozwi kwa maji kama za magari mapya, na joto huzizeesha. Betri za madini ya chuma na fosfeti, kama ile ya Atto 3, huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka.

Fundi wa mtaani, ambaye kwa miaka mingi ametuokoa kwa spana na busara, hawezi kufungua betri ya volti mamia bila mafunzo na vifaa vya kujikinga. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000, lakini dhamana hiyo si lazima ilifuate gari lililoletwa na mwagizaji binafsi.

Litalala wapi?

Nimesikiliza pande zote mbili, na naona zinabishana juu ya safari ya Mombasa ilhali maisha ya gari la familia yako kwingine. Familia nyingi hushuka pwani mara moja au mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote gari linakwenda kazini, shuleni, sokoni na kanisani au msikitini. Kilomita 40 kwa siku ni nyingi. Kilomita 40 ni uniti 7 au 8.

Soketi ya kawaida ya ukutani, ileile iliyomchosha baba wa Mtito Andei, huzitoa hizo kwa saa nne. Haba na haba hujaza kibaba: gari likichomekwa kila jioni linaamka limejaa, na mwenye nyumba anasahau njia ya kituo cha mafuta. Kwa mwenye nyumba yake na lango lake, mjadala wa kilomita unakaribia kwisha hapo.

> Betri ya kilomita 300 inatosha kila mtu mwenye soketi. Ya kilomita 500 haimtoshi asiye nayo.

Lakini wangapi miongoni mwa wakazi wa miji yetu wana lango? Wengi wanaishi kwenye ghorofa za kupanga. Maegesho ni ya pamoja, anayewahi ndiye anayepata. Mita ya tokeni iko mlangoni, ghorofa ya nne, na gari liko chini. Ukiteremsha waya kupitia baraza za watu, msimamizi wa nyumba atakuja kugonga. Ukiomba soketi ya chini, mwenye nyumba atauliza nani atalipa, naye ana haki ya kuuliza.

Mpangaji huyo atategemea chaja za umma, ambapo uniti huuzwa ghali kuliko nyumbani. Akiba ya shilingi 160,000 inaanza kuyeyuka, na muda wake unaliwa na foleni. Bei maalumu ya EPRA, kwa kuwa huhitaji mita yake ya pekee, inamfikia mwenye kiwanja kabla ya mpangaji.

Kwa hali ilivyo, basi, nafuu ya gari la umeme inawaendea waliokwisha kuwa na nafuu. Mwenye nyumba Karen anapunguza gharama ya kilomita kwa theluthi mbili, huku mpangaji wa Embakasi akiendelea kulipa petroli, pamoja na tozo ya matengenezo ya barabara ya shilingi 25 kwa kila lita. Barabara ni ileile, na mwenye gari la umeme haichangii kwa njia hiyo. Serikali itatafuta namna ya kuziba pengo hilo, na ni vyema mjadala wake ufanyike mapema na hadharani.

Kabla ya kulipa

Anayefikiria kununua na afanye mambo haya, kwa mpangilio huu.

Kwanza, akaangalie mahali gari litakapolala. Kama hakuna soketi, apate ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye nyumba, na fundi wa umeme mwenye leseni akague waya. Soketi ya kuchaji hufanya kazi nzito saa nyingi mfululizo, na waya mwembamba hushika moto.

Pili, aangalie tundu la kuchajia. Magari ya mitumba kutoka Japan mara nyingi hutumia chaja ya CHAdeMO, yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T, na ya Ulaya CCS2. Ukinunua tundu ambalo vituo vya mji wako havina, umenunua gari la soketi ya jikoni.

Tatu, kwa gari lililotumika, adai afya ya betri ipimwe kwa mashine mbele yake. Kilomita za dashibodi hazitoshi.

Nne, achukue kilomita za WLTP na kuondoa robo kwa ajili ya barabara kuu. Kama gari limetangazwa kwa kipimo cha China, aondoe zaidi. Akiwa anapanda kutoka pwani, aweke akiba ya mlima.

Tano, apige simu kwenye kituo cha kuchaji kabla ya kuondoka, na ajue cha pili kiko wapi. Ahakikishe pia ana tairi la akiba kwenye buti, hata kama litapunguza nafasi ya mizigo.

Kwa upande wa wenye mamlaka, ombi ni moja. Kaunti zinapopitisha michoro ya ghorofa mpya, huulizia maji, choo na njia ya zimamoto. Ziulize pia njia ya waya hadi maegesho na nafasi ya mita. Kupitisha bomba la waya wakati jengo linajengwa ni gharama ndogo. Kuvunja zege miaka kumi baadaye ni gharama ambayo mwenye nyumba ataikataa, na mpangaji ndiye atakayeumia.

Familia ya Mtito Andei iliondoka asubuhi ya pili, betri ikiwa na chaji ya kutosha, watoto wamelala vizuri. Kabla ya kuingia garini, baba alimlipa mwenye hoteli fedha za uniti 42 za stima, kisha akamshauri aweke chaja halisi pale uwanjani kabla Desemba nyingine haijafika. Ushauri huo na umfikie kila mwenye hoteli wa barabara ile.